Historia katika madarasa ya juu ya sekondari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mengi kutoka kwa wanafunzi, machache kutoka kwa wazazi. Mitaala hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo mada utakazokutana nazo huenda si hizi zinazotajwa hapa. Zimechaguliwa kwa sababu zinaonyesha vizuri jinsi kazi inavyofanyika. Majibu hayalingani kwa urefu. Mengine hayakuhitaji zaidi ya sentensi chache.

Madarasa ya chini nilikuwa nafanya vizuri sana kwenye historia. Mbona alama zimeporomoka?

Kwa sababu swali limebadilika na wewe bado unajibu lile la zamani. Kule chini uliulizwa nini kilitokea, lini, na nani alihusika. Huku juu msahihishaji anachukulia kwamba hayo unayajua. Anataka uamuzi wako: sababu ipi ilikuwa nzito kuliko nyingine, tumejuaje, na mtu mwenye akili timamu angeweza kukupinga kwa hoja gani. Kuna mwanafunzi anayejaza kurasa nne za matukio sahihi, yote kwa mpangilio, halafu anarudishiwa karatasi yenye alama za wastani. Hakuna alipokosea. Ila hakujibu.

Chukua Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na Austria-Hungaria ikatangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai. Darasa la chini linaishia hapo, pamoja na orodha ya sababu tano. Darasa la juu linaanzia hapo, kwa sababu kati ya tarehe hizo mbili kuna mwezi mzima. Kama mauaji yale ndiyo yaliyoleta vita, mbona vita haikuzuka kesho yake? Ukishauliza hivyo inabidi utazame nani alimwahidi nani msaada, nani aliamuru majeshi yaandaliwe, na nani alidhani mwenzake angerudi nyuma dakika ya mwisho. Orodha ya sababu tano haiwezi kukusaidia tena, maana zile sababu zilikuwepo miaka mingi na vita haikutokea.

Kwa hiyo kukariri hakuna maana tena?

Kuna maana kubwa. Wanaosema "historia ni kuelewa tu" wangekaa kwenye chumba cha mtihani bila kukumbuka kama Mkataba wa Heligoland–Zanzibar ulikuja kabla au baada ya Mkutano wa Berlin, wangebadili maneno. (Ulikuja baada: 1890.) Hoja isiyo na tarehe wala majina haisimami.

Kinachobadilika ni namna ya kuchagua. Usikariri kila kitu kilichomo kwenye daftari. Kwa kila mada chagua tarehe chache ambazo ukiziondoa hadithi inakatika, kisha zifunge pamoja kwa sababu na matokeo. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters anazunguka bara akiwawekesha machifu alama kwenye mikataba. Wakati huohuo mkutano unaendelea Berlin. Unafungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Peters anapewa hati ya ulinzi na Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zinagawana maeneo ya himaya Afrika Mashariki, na mwaka 1890 zinakamilisha. Ukiiona picha hiyo, ile "kesho yake" haikutoki kichwani hata ukitaka, na tarehe zilizobaki zinajishikiza kwake.

Kuna mitego gani kwenye miaka na karne?

Ipo michache inayonasa watu kila mwaka. Karne ya 19 ni miaka ya 1801 hadi 1900, si ya 1900 na kuendelea. Miaka ya K.K. inahesabiwa kurudi nyuma, kwa hiyo 500 K.K. ilitangulia 300 K.K. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yanaangukia tarehe 7 Novemba 1917 kwa kalenda ya sasa, kwa kuwa Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya Juliasi, ambayo kwayo siku ile ilikuwa 25 Oktoba. Na "mwisho wa vita" unategemea unasimama wapi: Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba 1918, lakini Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba.

Nikikosea mwaka mmoja kwenye insha, nimekwisha?

La. Kosa la mwaka mmoja kwenye hoja nzuri halikuangushi. Kosa linalovuruga mpangilio ndilo baya, yaani pale unapofanya tokeo litangulie sababu yake. Kama huna uhakika, andika "katikati ya miaka ya 1880" uendelee.

Chanzo cha awali na chanzo cha pili vinatofautianaje?

Chanzo cha awali kinatoka kwenye kipindi unachokichunguza au kwa mtu aliyekuwepo: barua, mkataba, sarafu, picha, ushahidi wa mahakamani, simulizi la aliyeshuhudia. Chanzo cha pili ni kazi ya mtu aliyekuja baadaye akavitumia hivyo vya awali kujenga maelezo. Mpaka hapo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba kitu kilekile kinaweza kuwa hiki au kile kulingana na swali lako. Kitabu cha shule cha mwaka 1930 kinachosimulia biashara ya utumwa ni chanzo cha pili ukichunguza utumwa. Ukichunguza watoto wa 1930 walifundishwa nini, ni chanzo cha awali kizuri sana.

Tena "awali" halimaanishi "papo hapo". Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Maelezo yake ya safari yalikamilika mwaka 1355 huko Moroko, akimsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy kwa agizo la sultani. Ni zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwa kumbukumbu, kupitia kalamu ya mtu mwingine ambaye hakuwahi kufika pwani hiyo. Bado ni chanzo cha awali, na bado ni hazina. Ila ukikitumia bila kutaja umbali huo wa miaka, msahihishaji makini atakunja uso.

Nimeambiwa nitaje upendeleo wa chanzo. Nikiandika "mwandishi ni mkoloni, kwa hiyo ana upendeleo", inatosha?

Haitoshi. Ni sentensi iliyochoka, na inaweza kubandikwa kwenye chanzo chochote. Kila chanzo kina upendeleo. Maswali ya kazi ni mawili: upendeleo huu unaelekea wapi, na pamoja na upendeleo huo, chanzo kinatufaa kwa jambo gani?

Tutazame mfano mmoja kwa karibu. Vita ya Maji Maji ilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa mipamba. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati huo alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Aliondoka 1906, na mwaka 1909 akatoa kitabu chake kuhusu vita hiyo. Humo waganga na dawa yao ya maji wanapewa uzito mkubwa katika kueleza kwa nini watu waliinuka. Je, anadanganya? Dawa ilikuwepo kweli, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeieneza, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Lakini uliza: mtu huyu anaandika akijitetea mbele ya nani? Mpango wa mashamba ya pamba ya lazima ulianza 1902, yeye mwenyewe akiwa gavana. Akikubali kwamba pamba, kodi na viboko ndivyo vilivyowachosha watu, amekiri kwamba vita ilizaliwa ofisini kwake. Akiwatwisha waganga, ofisi inabaki safi.

Sasa unayo hoja. Kitabu hicho ni ushahidi dhaifu wa nia ya waliopigana, lakini ni ushahidi imara wa jinsi utawala ulivyotaka kueleweka huko Ujerumani. Hiyo ndiyo sentensi inayopewa alama, kwa sababu imekataa kukitupa chanzo na pia imekataa kukimeza.

Upande wa pili nao ukaguliwe vilevile, na hapa wanafunzi wengi hulegea. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini, chini ya mradi wa chuo kikuu, kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Kwenye masimulizi hayo pamba inajitokeza wazi, pamoja na maakida na mateso ya kazi za lazima. Bila mradi ule tungebaki na makaratasi ya Wajerumani tu. Hata hivyo, zaidi ya miaka sitini ilikuwa imepita. Nchi ilikuwa huru tangu 1961, Maji Maji imekwisha kuwa fahari ya taifa, na anayeuliza maswali ni kijana msomi kutoka mjini. Msimulizi yeyote anahisi msikilizaji wake anapenda kusikia nini. Wanahistoria waliofuata wamehoji picha ya watu wote wa kusini walioungana kwa lengo moja, wakaonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na ugomvi wake na sababu zake.

Hata idadi ya waliokufa inakuonyesha kazi hiyo hiyo. Takwimu ya Kijerumani ni kama 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi: majeshi yalichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliobaki. Ukiandika namba moja peke yake bila kusema ni ya nani, umepoteza nafasi ya kuonyesha kwamba unajua namba zinatengenezwaje.

Mahali ambapo hakukuwa na maandishi, tunajuaje kilichotokea?

Kwa masimulizi yaliyorithishwa, kwa lugha zenyewe zinavyofanana na kutofautiana, na kwa vitu vilivyobaki ardhini. Mfano unaonoga ni Zimbabwe Kuu. Walowezi wa Kizungu walishikilia kwamba kuta zile zilijengwa na Wafoinike au na watu wa Malkia wa Sheba, yeyote yule mradi asiwe Mwafrika wa pale. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akakuta ni kazi ya wenyeji. Hawakumwamini. Gertrude Caton-Thompson akaja kuchimba tena mwaka 1929 na kufikia jibu lilelile. Utawala wa walowezi uliendelea kulikwepa jibu hilo hadi miaka ya 1970.

Na ardhi ile ilitoa zaidi ya jibu la nani alijenga. Kulikutwa vyombo vya China na sarafu iliyopigwa Kilwa. Hakuna aliyeandika "leo tumefanya biashara na watu wa pwani", lakini sarafu moja ya shaba, mahali pasipotumia sarafu, inasema hivyo. Mwanafunzi akiweza kutoka kwenye kitu hadi kwenye hoja namna hiyo, hahitaji kuogopa swali lolote la vyanzo.

Wanahistoria wanapingana. Niandike upande wa nani?

Wako, baada ya kuwasikiliza. Kutaja majina mawili kisha kusema "wote wana ukweli" ni kukimbia.

Suala la kukomeshwa kwa biashara ya utumwa ya Uingereza mwaka 1807 linafaa kujifunzia. Maelezo ya zamani yalisifu dhamiri ya wanaharakati wa Kikristo. Mwaka 1944 Eric Williams, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Trinidad na Tobago, aliyageuza: utumwa ulikomeshwa kwa sababu uchumi wa mashamba ya miwa wa Karibi ulikuwa unadorora na ubepari wa viwanda ulitaka mambo mengine. Mwaka 1977 Seymour Drescher akajibu kwamba mashamba yale hayakuwa yanadorora hata kidogo. Uingereza iliacha biashara iliyokuwa bado inalipa.

Angalia wanapopishana. Hawagombani kuhusu mwaka wala sheria. Wanagombana kuhusu hali ya uchumi wa Karibi kati ya, tuseme, 1780 na 1807. Ina maana ugomvi wao unaweza kupimwa: uzalishaji, bei, biashara ya nje. Ukishaonyesha mahali hasa ugomvi ulipo, una haki ya kusema ni nani amekushawishi zaidi, na kwa nini. Unaweza pia kusema kwamba wote wawili wanawasahau watumwa wenyewe, ambao uasi wao huko Saint-Domingue (Haiti ya leo) kuanzia 1791 uliwatia hofu wenye mashamba wote wa Karibi. Hapo umewazidi wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza chuoni.

"Eleza", "jadili", "tathmini", "kwa kiasi gani": si kitu kimoja kwa maneno tofauti?

Si kitu kimoja, na huko ndiko alama nyingi zinakopotelea. "Eleza" inataka sababu na jinsi zinavyofanya kazi. "Jadili" inakupa kauli na kukutaka uipime pande zote. "Tathmini" inataka uzito: kilifaa au kilishindwa, na kwa kipimo gani. "Kwa kiasi gani" inataka kadirio, kwa hiyo jibu lisilo na neno kama "kwa kiasi kikubwa, isipokuwa..." halijakamilika. "Linganisha" ndilo linaloharibiwa zaidi, maana watu huandika nusu ya kwanza juu ya A na nusu ya pili juu ya B, bila A na B kukutana hata mara moja.

Piga mstari chini ya neno hilo kabla hujaandika chochote. Piga mwingine chini ya miaka iliyotajwa. Ukiulizwa juu ya 1890 hadi 1914, maelezo yako mazuri ya 1919 hayana pa kukaa.

Aya nzuri ya insha ya historia ikoje?

Tuseme swali ni: "Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 ndio ulioigawa Afrika. Jadili." Hii ni aya ya kawaida:

"Mkutano wa Berlin uliitishwa na Bismarck mwaka 1884. Ulihudhuriwa na mataifa 14. Hakuna Mwafrika aliyealikwa. Mataifa hayo yalijadili Bonde la Kongo na Mto Niger. Pia yalikubaliana kwamba taifa linalotaka koloni lazima likalie eneo hilo. Mkutano uliisha mwaka 1885 na Afrika ikagawanywa."

Kila sentensi hapo ina ukweli, isipokuwa ya mwisho inayoruka kutoka mkutanoni hadi kwenye mgawanyo kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Sasa hii:

"Mkutano wa Berlin haukuchora mipaka mingi ya Afrika, uliweka kanuni za kuichora. Mataifa 14 yalikubaliana kuhusu biashara huria katika Bonde la Kongo, usafiri katika Mto Niger, na sharti kwamba anayedai eneo jipya la pwani awaarifu wenzake na aonyeshe mamlaka halisi. Mipaka yenyewe ilifuata kwa mikataba ya wawili wawili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 na ule wa Heligoland–Zanzibar wa 1890. Hata hivyo, sharti la mamlaka halisi lilizidisha haraka ya mataifa hayo, na kwa maana hiyo Berlin iliharakisha mgawanyo ambao haikuutekeleza yenyewe."

Aya ya pili imetumia ukweli uleule na kuongeza kidogo tu. Tofauti iko kwenye kazi ya kila sentensi. Ya kwanza inachukua msimamo unaolijibu swali moja kwa moja. Mbili za katikati ni ushahidi, wenye majina, idadi na miaka. Ya mwisho inakiri upande wa kauli ulio na ukweli, kisha inarudi kwenye swali. Ukifunika sentensi zote ukabakiza ile ya kwanza ya kila aya, insha nzima inapaswa kusomeka kama hoja fupi. Jaribu kwa insha yako ya mwisho. Kama sentensi za kwanza zinasomeka "Mwaka 1884...", "Mwaka 1886...", "Mwaka 1890...", umesimulia.

Utangulizi uwe na nini?

Jibu lako. Wengine wamefundishwa kuanza kwa kufafanua historia ni nini au ukoloni ni nini, mistari minane inakwisha kabla ya kugusa swali. Sema msimamo wako, taja mambo mawili au matatu utakayoyatumia, ingia kazini. Hitimisho nalo lisiwe marudio. Lipime ni sababu ipi ilibeba uzito zaidi. Usilete ushahidi mpya pale, umechelewa.

Insha iwe na kurasa ngapi?

Kadiri muda wa swali unavyoruhusu baada ya kutoa dakika tano au zaidi za kupanga. Msahihishaji hapimi kwa rula.

Niandike vipi madokezo? Daftari langu limejaa na sielewi pa kuanzia.

Acha kunakili kitabu. Soma sehemu nzima kwanza, funga kitabu, andika kwa maneno yako ulichokielewa, kisha fungua urekebishe majina na tarehe. Inachosha kuliko kunakili, na ndiyo maana inafanya kazi. Kila ukurasa uwe na swali juu yake badala ya kichwa cha mada. "Vita ya Adwa" ni kichwa. "Kwa nini Ethiopia iliishinda Italia tarehe 1 Machi 1896, wakati majirani wake walikuwa wanatekwa?" ni swali, na madokezo utakayoweka chini yake yatajipanga yenyewe: silaha za kisasa Menelik alizonunua, jeshi alilolikusanya kutoka majimbo mengi, makosa ya majenerali wa Italia.

Weka pia ramani. Mtu anayesoma kugombania Afrika bila ramani mezani anajitesa bure.

Kuhusu madesa ya kununua au ya kurithi kwa waliotangulia: yanafaa kukumbushia mada uliyokwisha isoma. Yakiwa ndicho kitu pekee ulichosoma, utaandika aya zilezile walizoandika wenzako arobaini, kwa makosa yaleyale.

Intaneti na programu za akili mnemba zinaruhusiwa?

Fuata kanuni za shule yako, hasa kwa kazi zinazohesabiwa kwenye alama za mwisho. Kuhusu manufaa: Wikipedia ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Ishike kwa tarehe na majina, kisha nenda kwenye vitabu inavyovitaja. Programu za akili mnemba zinaweza kukueleza mada kwa lugha nyepesi au kukutungia maswali ya mazoezi. Udhaifu wao mkubwa kwa somo hili ni kwamba zinaweza kutunga nukuu, zikampa mwanahistoria wa kweli maneno ambayo hakuyasema au kitabu ambacho hakukiandika, kwa sauti ileile ya kujiamini. Nukuu yoyote usiyoiona kwenye chanzo chake, usiiandike.

Tusiseme uzushi umeletwa na mitandao, maana hata wakubwa hunaswa. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler, baada ya kulipa mamilioni ya marki. Mwanahistoria maarufu aliyeitwa kuzithibitisha alizikubali mwanzoni. Kisha maabara ikachunguza karatasi na vifaa vya kujalidia, ikakuta vimetengenezwa baada ya vita. Hitler angeandikaje kwenye karatasi ambayo haikuwa imetengenezwa bado?

Tumepewa kazi ya utafiti mdogo. Nichague mada gani?

Ndogo kuliko unavyofikiri. "Ukoloni na athari zake" ni mada ya kumaliza maisha ya mtu. "Shule yetu ilianzishwaje na nani walikuwa wanafunzi wake wa kwanza" inamalizika kwa muhula mmoja, na vyanzo unaweza kuvishika kwa mkono: daftari la mahudhurio, picha ya zamani, bango la ufunguzi, watu watatu wanaokumbuka.

Ukihoji watu, anza kwa kuuliza walikuwa wapi wakati huo na walikuwa na umri gani. Mtu aliyekuwa na miaka sita anakumbuka mengine na aliyekuwa na thelathini anakumbuka mengine. Usimbane kwa miaka. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya tukio ambalo kila mtu analikumbuka, mwaka utaupata mwenyewe. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Wawili wakipishana, usichague mmoja kimyakimya: kupishana kwao ndiko kutakakokupa sura bora ya ripoti yako.

Lugha ya kufundishia inanisumbua kuliko historia yenyewe. Nifanyeje?

Andika sentensi fupi. Historia haidai maneno makubwa. Jenga akiba ndogo ya viunganishi vya hoja katika lugha ya mtihani, vile vya "kwa sababu hiyo", "hata hivyo", "tofauti na", "ushahidi wa hili ni", hadi vikutoke bila kufikiri. Fikra pangia katika lugha unayoimudu. Nafasi ya kupangia jibu haina sheria ya lugha mradi uikate mstari kabla ya kukabidhi.

Mwanangu anataka kuchukua historia. Atapata kazi gani?

Mzazi, historia peke yake haimpi mtu cheo kama udaktari unavyompa. Inakwenda vizuri na sheria, uandishi wa habari, ualimu, diplomasia, utumishi wa umma, utunzaji wa nyaraka na makumbusho. Kote huko kazi ya kila siku ni kusoma makaratasi mengi yanayopingana na kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka. Kabla ya kuamua, angalieni pamoja masharti ya kozi za chuo anazozitamani na muone historia inaunganishwa na masomo gani, kwa sababu kombi isiyofaa hufunga milango mapema. Kama hapendi kusoma kurasa nyingi, mwambieni ukweli sasa hivi. Somo hili halina njia ya mkato hapo.

Zimebaki wiki mbili. Nifanye nini?

Chukua mitihani iliyopita. Usiandike insha nzima nzima, hutamaliza. Kwa kila swali panga jibu kwa dakika kumi: msimamo kwa sentensi moja, hoja nne, ushahidi wenye jina na mwaka chini ya kila hoja. Utagundua haraka ni mada zipi huna ushahidi, na hizo ndizo za kurudia. Insha kamili andika chache, kwa saa, bila daftari.

Na muda ukiniishia, swali la mwisho sijaligusa?

Usiliache wazi. Andika msimamo wako kwa sentensi mbili, kisha hoja zako kwa vifungu vifupi, kila kimoja na tarehe yake na jina lake. Kwenye mitihani mingi jibu la namna hiyo hupata sehemu ya alama. Ukurasa mtupu hupata sifuri.